Mwache Alale

Kuna nyumba zinazojulikana kwa makelele na kuna zinazojulikana kwa harufu ya vitunguu. Nyumba ya mwokaji mikate na mkewe, ghorofa ya pili, mlango wa kijani, ilijulikana kwa kimya. Mgeni akija mara ya kwanza alidhani kuna mgonjwa. Bawaba za milango zilitiwa mafuta kila mwezi. Miguu ya viti ilivishwa vipande vya blanketi. Sufuria haikufunikwa hivi hivi. Mama mwenye nyumba alitanguliza kidole chini ya mfuniko, akaushusha taratibu, kisha akakichomoa kidole kama mtu anayeiba. Redio walikuwa nayo, lakini mchana ilikuwa pambo.

Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa imelala chumbani. Mwokaji alifanya kazi usiku. Kwa miaka thelathini na mmoja aliondoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mji mzima unataka mkate asubuhi na unga haujikandi. Alirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unga masikioni, makovu ya trei za moto mikononi, na mkate mmoja kwapani, bado una joto. Mkewe alikuwa mshonaji wa hospitali. Watu walipomtazama kwa hofu aliwatuliza kwamba yeye hashoni wagonjwa, anashona mashuka. Alipiga pindo, alitia viraka, aligeuza shuka kuukuu kuwa foronya na foronya kuukuu kuwa vitambaa vya kufutia. Alitoka nyumbani saa moja kasorobo asubuhi na kurudi saa kumi na moja na nusu jioni. Robo saa asubuhi, nusu saa jioni, na ndoa ikawa hiyo.

Wenye ndoa za kutazamana kutwa wasiwacheke. Hawa wawili hawakuwahi kupata muda wa kutosha wa kugombana. Jumapili ilikuwa mapumziko ya mke, na mume aliilala yote. Jumanne ilikuwa mapumziko ya mume, na usiku huo alikaa macho makavu kando ya mke anayekoroma. Anayetaka kujua binti yao alipatikana vipi, ajibiwe kwamba Jumanne huja kila wiki.

Mengine waliyamaliza kwa daftari. Lilikaa mezani jikoni, penseli imefungwa kwa uzi mweupe wa hospitali, na humo waliandikiana kama majirani wanaopeana habari juu ya ukuta. "Mwenzangu, bomba linavuja, nimelifunga kitambaa." "Mwenzangu, kitambaa kimeshindwa." "Mtoto ana homa kidogo, dawa nimempa, usihangaike." "Mkate wa leo umeungua upande mmoja, nisamehe, nilisinzia." Daftari likijaa mke alilitia kwenye sanduku chini ya kitanda na kununua jingine la rangi ile ile.

Fahari ya mama huyu ilikuwa moja. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwamsha mumewe. Jumapili moja bomba lile lilipasuka kabisa, naye akapambana na mafuriko peku, kwa ndoo na mashuka, bila kutoa neno. Mume alipoamka saa tisa alikuta sakafu inang'aa, akauliza leo kuna sherehe gani. Binti yao alijua kunong'ona kabla hajajua kusema. Watoto wa jirani walipopanda ngazi kwa vishindo, mama alitoa kichwa mlangoni, kidole mdomoni, akasema, "Mwache alale." Alisema hivyo miaka mingi kiasi kwamba mtaa ukamgeuzia maneno hayo kuwa jina, akawa Mama Mwache-Alale, na hakukasirika. Wapo wanaopikiana na wapo wanaopeana dhahabu. Yeye alimpa mumewe usingizi.

Walistaafu mwezi mmoja, Ijumaa mbili zinazofuatana. Binti yao, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya safari mji mwingine, hakuwapa nafasi ya kukaa wakaanza kutazama kuta. Aliwapangia siku tano kisiwani, kivuko na chumba, akawaletea karatasi zote kwenye bahasha. Alisema amechoka kuwa na wazazi wanaojuana kwa mwandiko.

"Kisiwa cha nini?" mama aliuliza. "Sisi watu wa kisiwa?"

"Mkatazamane mchana, mama. Muone kama mnapendana."

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakutuachia alama ya kujua ni lini utumie lipi. Mwokaji na mkewe walifungasha nguo nyepesi, kofia mbili na daftari lenye penseli yake. Kuliacha daftari hakukuwapitia akilini hata kidogo.

Kisiwa kilikuwa kidogo cha kuzungukwa na gari kwa saa mbili. Kilikuwa na kilima kimoja chenye msitu, pango lenye maji baridi, bustani ya kobe wakubwa kama meza, na mnara wa taa wa zamani kwenye ncha ya kaskazini, mweupe, ambao wageni waliruhusiwa kuupanda. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vinane na kila chumba kina kibaraza. Mama hakuanza na bahari. Alianza na kitanda, akashika pindo la shuka kwa vidole viwili, akalisoma.

"Mishono mirefu," alisema. "Hili halimalizi mwaka."

"Sisi tunakaa siku tano tu," mumewe akamwambia. "Litatutosha."

Siku ya kwanza, Jumatatu, walikwenda kuwaona kobe. Mwokaji aliketi kwenye benchi atoe kokoto kiatuni, na kabla ya kiatu cha pili alikuwa amelala fofofo, kidevu kifuani. Mlinzi wa bustani alimtazama, akamtazama kobe mkubwa pembeni yake, akasema hajui ampige picha nani. Mama alicheka. Akamwekea mumewe kofia usoni, akazunguka bustani peke yake, akinyata ingawa walikuwa nje na upepo ulivuma.

Jumanne walipanda mashua yenye sakafu ya kioo. Samaki wa kila rangi walipita chini ya viatu vya mwokaji naye akakoroma kwa utulivu mkubwa, na abiria wawili walipojaribu kumwonyesha kitu, mama alijikuta ameshainua kidole. Mwache alale. Mdomo ulisema wenyewe.

Usiku ndipo mwili wa mwokaji ulipoamka. Asubuhi mama alizikuta habari zake daftarini. "Mwenzangu, saa nane. Bahari imerudi nyuma mbali sana, mchanga mtupu, kaa wanatembea kama watu wanaokwenda kazini. Ungeona. Sikukuamsha." Na chini yake, "Saa kumi. Sasa hivi nyumbani ningekuwa natoa trei za tatu. Mikono inatafuta unga." Mama alisoma, akaandika ya kwake ya mchana, habari za samaki na za mzee mmoja aliyeangusha miwani majini. Ikawa wamekigawana kisiwa, mume akipewa usiku na mke mchana, kila mtu akimsimulia mwenziwe nusu yake. Walikuwa wamesafiri kutwa nzima baharini na bado wanaishi katika nyumba ile ile ya mlango wa kijani.

Jumatano mama alichoka. Walikuwa ufukweni, chini ya paa la makuti, na mwokaji alikuwa ameanza kuinamisha kichwa.

"Hivi mimi nimekuja na mume au na gunia la unga?"

Mwokaji alifungua jicho moja. "Mwili huu hauna akili, mama. Ukiona jua, unajua zamu imekwisha."

"Imekwisha kweli. Umestaafu. Uambie."

"Nimeuambia. Hausikii."

Alitaka kucheka, lakini alimwona mkewe hacheki, akakaa vizuri. Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga aliyojifunga, pindo juu ya pindo.

"Mimi sitaki makubwa," alisema. "Sitaki kobe wala samaki. Nataka siku moja. Uwe macho tangu asubuhi mpaka jioni, nikuone. Siku moja tu, Mzee. Miaka yote hii sijawahi kuiona."

Mwokaji alikuwa mtu mpole ambaye aibu humpanda polepole, kama hamira siku ya baridi, lakini ikishapanda haishuki. Akasema, "Kesho." Akasema tena, "Kesho sitalala. Hata nikifa na macho wazi."

Maneno hayo mama aliyakumbuka baadaye na kuyageuza kila upande.

Alhamisi mwokaji alipigana na jua. Alikunywa kahawa vikombe vinne. Aliingiza kichwa chini ya bomba la bustani mbele ya wageni wengine, akatoka anachuruzika. Alikataa kuketi. Walipanda njia ya msituni kwenda pangoni kwa miguu, yeye mbele, akijipiga makofi mashavuni kila akiona mawe yanaanza kuogelea. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu vya harusi nzima. Lakini alikuwa macho, na mama alitembea nyuma yake akamtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoipanga miaka mingi na leo ndiyo kwanza anaiona kwa nje.

Alijifunza mambo. Alijua mumewe anakunywa chai yenye vijiko vingapi vya sukari, lakini hakujua kwamba anaogopa mijusi. Hakujua kwamba akicheka sana hufunika mdomo kwa mkono. Hakujua kwamba ana mazoea ya kusalimia kila mtu njiani, hata watoto, kwa sababu mtaani kwao saa anayotembea yeye kila mtu yuko mbioni, hakuna wa kumsalimia. Pangoni, waliposimama mahali ambapo jua linaingia kwa juu, mama alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga.

"Nini?" aliuliza mwokaji. "Nina unga?"

"Macho yako si meusi."

"Ni ya nini?"

"Ni ya kahawia. Ya asali kabisa. Mimi nilikuwa najua ni meusi."

Naye mwokaji akamshika mkono, akaupindua, akakuta kwenye kidole gumba kovu jeupe dogo. "Na hili?"

"Sindano ya mashine. Iliingia hapa ikatokea huku. Mwaka ule mtoto alipoanza shule."

"Mbona hukuniandikia?"

"Nilirudi mchana huo huo, mkono umefungwa. Nilipanga nikwambie." Mama alivuta mkono wake pole pole. "Ulikuwa umelala."

Mwokaji alikiinua kidole kile akakiweka mdomoni mwake kama mtu anayemtuliza mtoto aliyejikata sasa hivi, miaka ishirini na mitano ikiwa imepita. Mama, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alilia humo pangoni na hakujificha. Ilikuwa furaha, na ilikuwa pia hasira, kwa sababu alihesabu Alhamisi zote walizozipoteza.

Wakati wa kushuka mwokaji alisimama mara mbili, akajikandakanda bega la kushoto. Alisema kahawa imemletea kiungulia. Mama alisema ndiyo malipo ya vikombe vinne, na wote wawili wakaridhika na jibu hilo.

Kufikia saa mbili usiku, walipomaliza chakula, mwokaji alikuwa anaanguka. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja usingizi ulikuwa umemjia kwa saa za watu wengine. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akavua viatu, akavipanga karibu na mlango, pua zikitazama nje, soksi safi zimekunjwa ndani.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho," alisema. "Nataka tupande mnara. Wote wawili, jua likiwa bado la asubuhi. Niamshe saa kumi na mbili."

"Nitakuamsha."

"Nakujua wewe. Utanitazama, utasema maskini. Usinionee huruma. Nimwagie maji ukitaka. Siku moja ya jana haitoshi, nataka na ya kesho."

"Leo bado ni leo, Mzee, hata jana haijawa."

"Niahidi."

"Naahidi."

Alilala kabla kichwa hakijafika kwenye mto vizuri. Mama alikaa kidogo akimsikiliza. Ilikuwa ajabu kwake kulala kitanda kimoja na mtu ambaye naye kalala.

Saa kumi na mbili mama alikuwa macho, kwa sababu hospitali ilikuwa imemfundisha hivyo. Mwokaji alilalia ubavu, mkono chini ya shavu, anakoroma kwa sauti ndogo, uso umelegea. Mikunjo yote ya mtu anayelala huku dunia inapiga honi ilikuwa imeondoka. Alikuwa amelala usiku mzima kama binadamu. Mama aliinua mkono ili amguse bega. Mkono ulifika karibu na ngozi hata ukahisi joto lake, ukasimama.

Akasema moyoni, nusu saa tu. Mnara umesimama miaka mia, hautakimbia.

Mazoea yana taabu. Mtu aliyefunga mdomo miaka thelathini na mmoja huufungua kwa kazi, na huruma ikiungana na mazoea huwa haina mshindani. Mama alivaa gizani, pazia limefungwa. Alijaza chai kwenye chupa, akaiweka kwenye meza ndogo na kikombe. Akaandika daftarini, "Mwenzangu, nimevunja ahadi kidogo. Ulikuwa umelala vizuri mno. Niko kibarazani." Akatoka na viatu mkononi.

Nusu saa ikawa saa. Saa tatu alichungulia. Mkoromo ulikuwa umenyamaza, na mama alishukuru kwa hilo; alijua kutoka Jumapili zake nyingi kwamba akinyamaza ndipo amezama usingizi ule unaojenga mwili. Alifunga mlango kwa kuuinua kidogo juu ya bawaba, kwa sababu bawaba za watu hazikuwa na mafuta.

Saa nne mtandika vitanda alikuja na ndoo na mashuka mikononi, mwanamke mnene mcheshi ambaye mama alikuwa ameshamwonyesha jinsi ya kupiga pindo la kudumu. Alitaka kuingia.

"Mwache alale," mama alinong'ona. "Huyu alikuwa mwokaji. Ana usingizi wa miaka mingi anadai."

"Heri yako wewe, mama. Wa kwangu akilala namtupia viatu."

Walicheka wote wawili, mikono mdomoni.

Jua lilipopanda mama alifanya shauri. Mnara wataupanda jioni, jua likishapoa, na si vibaya yeye akatangulia kuzitazama hizo ngazi, maana mume alikuwa na bega linalomsumbua. Alikwenda kwa miguu. Ngazi zilikuwa mia na sitini na nane, nyembamba, zenye kamba ya kushikia, na mahali pa kupumzika palikuwa pawili. Alipofika juu alikiona kisiwa chote, hata paa la nyumba yao ya wageni, hata kibaraza chao, kidogo kama kitufe. Alipunga mkono kuelekea kule. Alijiona mjinga, akapunga tena. Njiani akirudi aliokota vitu vya kumwonyesha, jiwe lenye tundu na manyoya ya ndege wa kijivu, akapanga maneno atakayomwambia. Kwamba apumzike mahali pa kwanza hata kama hajachoka. Kwamba juu kuna upepo, kofia aishike.

Saa saba aliingia chumbani viatu mkononi. Giza la pazia, joto, chupa ya chai haijaguswa. Hakuusogelea uso wa mumewe, kwa kuwa pumzi ya mtu huweza kumwamsha mwenye usingizi mwepesi, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Alimwaga chai ya zamani, akatia mpya. Akaandika chini ya mstari wa asubuhi, "Mwenzangu, ngazi ni 168, tutaziweza. Saa kumi nakuamsha kweli." Akaweka jiwe juu ya ukurasa lisipeperuke.

Kisha alikaa kibarazani, akalinda. Alimwendea mtunza bustani akamsihi mashine yake ya kukatia majani aipeleke upande wa pili. Aliwatuliza watoto wa familia ya chumba cha tatu kwa pipi. Mlango wa jirani ulipobamizwa na upepo alikwenda akauwekea kikaratasi. Mchana kutwa alifanya kazi yake kwa ukamilifu, na hakuna hata kishindo kimoja kilichopita pale.

Saa kumi kamili aliingia. Alivuta pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mumewe akiwa kitandani, na mwanga ukaingia wote. Alikuwa vile vile, ubavuni, mkono chini ya shavu. Mama alisimama. Kilichomshinda mwanzoni kilikuwa kitu kidogo cha kuchekesha, kwamba hakujua mumewe anaamshwaje. Wengine wanaitwa, wengine wanatikiswa. Hakujua aseme Mzee au aseme jina lake. Akachagua miguu, kwa sababu miguu iko mbali na kichwa na haishtui sana. Aliishika juu ya shuka.

Alikuwa ameshika mashuka ya hospitali maisha yake yote, na mikono yake ilijua kabla yake.

Daktari wa kisiwa alikuwa mwanamke mfupi, mkweli, aliyekuja kwa pikipiki. Alipima, akatazama, akauliza habari za bega. Alisema ni moyo, na kwamba kwa kukadiria ilikuwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Alisema hakuteseka, alikwenda usingizini.

"Saa kumi na mbili alikuwa anakoroma," mama alisema. Alikuwa ananong'ona. "Alitaka nimwamshe. Ningemwamsha je?"

Daktari angeweza kudanganya, wengi hudanganya mahali hapo na hawalaumiwi. Alivua miwani. "Sijui, mama. Pengine angejisikia vibaya akiwa macho, tukamwahi. Pengine ingemkuta kwenye ngazi za mnara. Kusema kweli sijui."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mtandika vitanda alikuwa ameketi sakafuni kibarazani, analia kwa sauti kubwa, na mama alijikuta amegeuka kumwelekea, kidole kinapanda kwenda mdomoni. Kidole kilifika nusu ya njia. Akakitazama, akakishusha, akakishika kwa mkono wa pili kama kitu kilichomfanyia ubaya.

Walimrudisha kwa kivuko kile kile, viatu vyake kwenye mfuko na soksi safi ndani. Binti yao aliwapokea gatini. Mwokaji alizikwa siku ya pili yake, na waokaji wenzake walikuja moja kwa moja kutoka zamu, unga masikioni, wakasimama juani wakipepesa macho.

Siku ya tatu baada ya mazishi nyumba ya mlango wa kijani ilikuwa imejaa wanawake. Wifi mkubwa, dada wa marehemu, alisimamia jiko. Majirani walikuja na kutoka. Na kwa kuwa wote walikuwa wameijua nyumba hiyo miaka mingi, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walitembea kwa ncha za vidole. Walinyanyua viti badala ya kuvivuta. Watoto wa jirani, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye ndevu, walipanda ngazi kama wezi. Mlango wa chumbani ulikuwa umerudishwa, na kila aliyepita mbele yake alipunguza sauti.

Mjane alikaa kwenye kiti cha jikoni, daftari mapajani. Lilikuwa limefunguka kwenye mistari yake miwili, na chini yake karatasi nyeupe. Hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Binti yake alikuwa anapakua. Alipomaliza alichukua mfuniko wa sufuria kubwa, akatanguliza kidole chini yake, akaanza kuushusha taratibu, kama alivyofundishwa tangu ana miaka minne. Mama alimtazama. Alitazama kile kidole. Akasimama, akauchukua mfuniko mkononi mwa binti yake, akauinua juu ya kichwa, akauachia.

Ulipiga sakafu ya saruji, ukazunguka, ukalia mpaka ukachoka wenyewe. Wanawake wote walikuwa wameganda. Wifi mkubwa alikuwa ameshika kifua, na macho yake, kwa mazoea tu, yalikuwa yamekimbilia mlango wa chumbani.

"Fungueni madirisha," mama alisema, kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. "Vuteni viti. Washeni hiyo redio. Semeni kwa sauti, jamani, semeni. Humu ndani hakuna mtu aliyelala."